Mchungaji wetu na mjomba wa Nampula

Jamani hii mada ya kutuma wamisionari bila kuwafundisha lugha na mila za watu imenikaa moyoni muda, ngoja niitoe leo hata kama kuna watu kanisani watanuna.

Tumezoea kuwacheka wamisionari wa kizungu. Yule baba anayesema "mimi nimeolewa" huku mke wake kakaa pembeni, yule anayempa shikamoo mtoto wa darasa la pili, tunacheka mpaka machozi. Haya, ila huyo anayekosea hivyo angalau yupo darasani. Pale Makoko, Musoma, Wamaryknoll, wamisionari Wakatoliki kutoka Marekani, walikuwa na shule ya lugha tangu miaka ya 60, mgeni anakaa miezi anasoma Kiswahili kabla ya kupelekwa parokiani. Miezi! Hajahubiri, hajabatiza mtu, anahangaika na ngeli.

Na wa zamani ndo usiseme. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mke wake na kichanga chao wakafa mwaka huohuo, na ndani ya mwaka huohuo akawa kashaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na hakuwa mbichi, alishasomea umisionari Basel na alishakaa Ethiopia miaka kadhaa. Mwenzake Rebmann alimfuata 1846 akabaki mpaka 1875, anakusanya maneno, waumini wenyewe wa kuhesabu. Askofu mkuu Lavigerie, Mfaransa aliyeanzisha shirika la wamisionari Wakatoliki la White Fathers kule Algiers 1868, aliwaambia vijana wake waongee lugha ya watu, wale chakula chao, wavae nguo zao. (Kichekesho ni kwamba nguo zenyewe zilikuwa za Algeria na wakazivaa hivyohivyo mpaka huku kwenye maziwa makuu.) Sisemi walikuwa malaika, dharau kwa mila zetu ilikuwepo tena sana, ila kwenye lugha walitoa jasho.

Sasa siku hizi sisi ndo tunatuma. Na tunaamini Mwafrika akienda kwa Mwafrika mwenzake hahitaji mafunzo, si wote tunakula ugali? Kanisa letu lilimpeleka mchungaji mmoja kaskazini mwa Msumbiji, Nampula, kwa Wamakua. Mafunzo yake yalikuwa semina ya wiki moja, siku 2 kati ya hizo zikaenda kwenye jinsi ya kuandika ripoti za wafadhili. Kimakua hajui, Kireno hajui, kajiamini eti Kiswahili kinafika. Pwani ya Cabo Delgado huko juu karibu na mpaka wetu sawa utasukuma sukuma, lakini Nampula ndani ndani? Kila ibada mkalimani, hata kununua chumvi mkalimani.

Kilichomwangusha hasa ni ndoa ya vijana wawili. Kulikuwa na mgogoro, yeye kama Mkurya wa kwelikweli akaenda moja kwa moja kwa baba wa binti, wakaongea vizuri wakakubaliana na maombi yakapigwa. Akarudi kwake anajua kamaliza. Kumbe Wamakua ukoo unapita kwa mama, mwenye neno ni mjomba, na mjomba hajaulizwa hata salamu. Yule baba alikuwa anaitikia tu kwa heshima ya mgeni, afanyeje. Jumapili iliyofuata nusu ya ukoo haikuja ibadani na mchungaji akatuandikia kwamba watu wa huku ni wagumu, wanapigana na injili! Nilipoisoma ile meseji nikajisemea, haya ndo maneno wazungu waliyokuwa wanaandika kuhusu babu zetu.

Mimi simlaumu yeye, jamaa ana moyo. Nalaumu waliomtuma. Angekaa miezi 6 kwenye familia ya Kimakua, bila mimbari wala kiti cha mbele, anaenda shamba nao na kufundishwa kuongea na watoto, hilo la mjomba angelijua wiki ya pili.

Alirudi baada ya miezi 9. Na sasa tunatuma wengine wawili kulekule, harambee ishaanza, bajeti nimeiona: nauli, spika, jenereta, pikipiki. Nikanyoosha mkono nikauliza mwalimu wa Kimakua yuko mstari wa ngapi. Mzee wa kanisa akacheka kidogo akasema, "Mwanangu, siku ya Pentekoste nani alilipia tuisheni?" Watu wakapiga makofi, nami nikakaa.

Bahasha zilipopita nikaandika juu ya yangu: ya mwalimu wa Kimakua. Mhasibu kanipigia jana kuuliza aiingize fungu gani.