Kinyozi wa Chavakali

Shemeji yangu ana popo. Ndivyo ninavyoliita gari lake, maana si ndege si mnyama: Mitsubishi Outlander yenye injini ya petroli ya lita mbili, na bado ina betri ya kilowati-saa 12 ya kuchajiwa nyumbani. Langu ni Nissan Leaf ya 2015, stima tupu. Halijui oili, halijui plagi za injini, halijui foleni ya petroli, na kila tukikutana hapa Kisumu humkumbusha. Yeye hunijibu kwamba nimenunua simu yenye magurudumu.

Karatasi za Japani zilisema chaji moja kilomita 228. Labda kwao, tena likiwa jipya, tena mteremkoni. Langu lilishuka bandarini likiwa na vipau vinane vya afya ya betri badala ya 12, siri ambayo sikumwambia mtu, mke wangu hasa.

Jumamosi hiyo tulikuwa twende kwa mama mkwe, Kakamega. Usiku nilichomeka kebo kama kawaida, ila sikubonyeza swichi ya ukutani. Asubuhi betri ilikuwa asilimia 50. Na Kakamega ni kama kilomita 50. Nikaona hesabu imekubali.

Hesabu haikuuona mlima wa kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa. Wala haikumwona shangazi, watoto wawili, kreti ya soda, sukari kilo kumi na jogoo. Tulipopita Majengo gari likaanza kuongea Kijapani, sauti ya kike, ya adabu sana.

"Linasemaje?" mke wangu akauliza.

"Linatutakia safari njema."

Kufika Mbale lilikuwa limeshatutakia safari njema mara tatu. Kisha kwenye dashibodi ukawaka mchoro wa kobe. Sitanii, Nissan wenyewe ndio waliochora kobe, wakijua tutafika huko. Bodaboda iliyobeba kochi la watu watatu ikatupita. Abiria alikuwa amekalia hilo kochi, akatupungia mkono.

Tulizimikia kando ya barabara Chavakali, mbele ya kibanda cha kinyozi. Baada ya dakika kumi popo akatua. Betri yake ilimwishia kwenye ule ule mlima wa Kiboswa, injini ikaamka, akaendelea kupiga stori. Tofauti ya magari yetu ni hiyo tu, na nilikuwa tayari kuisikia kwa mtu mwingine yeyote.

"Njoo uchaji kwangu," akasema, akifungua mlango wa nyuma. Kweli, ndani mna soketi. Nilimeza fahari yangu nikatoa kebo, kumbe soketi ni ya Kijapani, volti 100, na kebo yangu inataka 200. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Abiria wangu wote wakahamia kwa popo. Hata jogoo.

Kinyozi alikuwa na ubao: CHAJI SIMU 20/-. Nikamwonyesha kebo, ambayo fundi wa Kibuye aliitia plagi ya pini tatu. Akaitazama, akalitazama gari, akakuna kidevu. "Ishirini," akasema. Nililipa haraka kabla hajafikiri.

Baada ya saa moja na nusu nilichoka kuhesabu matatu. "Kaa nikunyoe ukingoja," akasema. Nikakaa. Mashine ikaanza kwa sikio la kushoto, ikapanda utosini, ikalia zzz, ikanyamaza. Feni ikanyamaza. Redio ikanyamaza.

"Tokeni za stima zimeisha," kinyozi akasema kwa mshangao. "Nilikuwa na uniti tano! Hizo hunipeleka wiki nzima."

Sote wawili tukageuka polepole kulitazama gari.

Nilimwahidi tokeni za elfu moja papo hapo. Tatizo, kile kidude cha kuingizia tokeni kilikuwa kimefungiwa nyumbani kwa mwenye ploti, na mwenye ploti ni Msabato. Simu yake ingewashwa jua likizama. Wembe? Kinyozi alisema yeye ni wa mashine. Nikamwachia ile elfu, nikachomoa kebo. Uniti tano zilinifikisha Kakamega, nikiwa nimezima kiyoyozi na redio, kichwa kikipigwa upepo upande mmoja.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akaona kichwa. Na huku kwetu magharibi, kichwa kikinyolewa ghafla watu hufikiria matanga. Akajishika kiuno, akapiga ukunga: "Uuwi! Mkwe wangu, ni nani amekufa?"

Shemeji alikuwa kwenye meza, paja la kuku mkononi.

"Simu yake, mama," akasema. "Iliisha chaji."