Umenyanyua gari, umebadili rimu: spea orijino uuze au utunze?

Toyota Noah ikishanyanyuliwa na kuvishwa rimu mpya, chini gereji hubaki lundo: springi, shokapu, rimu nne, taa za mbele, redio ya Kijapani, pengine na masega ya ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi). Hapo hapo fundi anakwambia ana mteja. Wanaosema uza wana hoja, wanaosema tunza nao wanayo. Tatizo ni kutoa jibu moja kwa lundo zima.

Anayeuza anafidia gharama za mabadiliko, na anauza kifaa kabla hakijaharibika. Hilo ni kweli hasa kwa vitu vya raba. Joto la Tabora linakausha bushi hadi zinapasuka, na Kigoma unyevu wa mwambao unaila springi iliyochubuka rangi. Matairi ndiyo yasiyosubiri kabisa. Mnunuzi anayejua husoma tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kila mwezi linaokaa stoo, tairi linashuka bei hata kama halijagusa barabara, kwa hiyo ukiwa na uhakika hutalirudisha, uza mapema. Shokapu inayovuja mafuta peleka kwenye chuma chakavu, usimpe mtu kama nzima.

Anayetunza naye anaangalia gharama ya kurudi nyuma. Spea uliyoiuza kwa bei ya haraka Kigoma, ukiitaka tena mara nyingi utaagiza Dar, uilipie nauli ya basi, uombe iwe saizi yenyewe, na gari limesimama muda wote huo. Mimi naona upande huu una nguvu zaidi huku kwetu kuliko Dar, kwa sababu mabadiliko mengi hayajulikani kama yamefaulu mpaka gari libebe mzigo.

Chukua Noah iliyokuja na matairi ya saizi 195/65R15, ikavishwa 205/70R15 ili iinuke. Kipenyo kinatoka takriban milimita 634 kwenda 668. Gari linapanda sentimita 1.7 tu, lakini spidomita inadanganya kwa asilimia tano: ikisoma 100, unakwenda karibu 105. Tupu mjini inapendeza. Ijaze watu na mizigo kuelekea Kasulu, kata kona hadi mwisho, ndipo tairi linapokwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Kama na springi zimewekewa spesa (vipande vya kuziinua), ekseli za mbele nazo zinakaa kwa pembe kali na mipira yake inachanika mapema. Springi, rimu na matairi ya awali yasiuzwe kabla gari halijatembea na mzigo kamili, kwenye vumbi na kwenye tope. Ikibidi matairi yashuke bei kidogo kwa kusubiri, yashuke.

Nati za rimu zinasahaulika sana. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota kutoka kiwandani hufungwa kwa nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za kununua baadaye nyingi hutaka nati ya koni. Uzi ni uleule, 12 kwa 1.5, kwa hiyo nati isiyo yake inaingia bila kulalamika. Ila nati bapa kwenye tundu la koni inashika ukingoni tu, inalegea njiani, na stadi (bolti za kushikia rimu) zinakatika. Ukiuza rimu, ziende na nati zake 20. Ukitunza, zifunge pamoja kwenye mfuko mmoja.

Masega yana kishawishi kikubwa kwa sababu ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanayajua kwa namba iliyogongwa juu yake. Kama yaliziba au kuyeyuka, uza, lakini uliza bei kwa zaidi ya mtu mmoja. Kama yalikuwa mazima, hapakuwa na sababu ya kuyatoa: sensa iliyo nyuma yake itawasha taa ya injini kwa msimbo wa hitilafu P0420, na kuyapata mengine ni ghali kuliko ulicholipwa.

Redio ya Kijapani uza bila kujiuliza, kwani nyingi zinaishia FM 90 na stesheni zetu zinakwenda hadi 108. Usikubali tu fundi akate nyaya. Atumie soketi ya kuunganishia.

Eabegi (mfuko wa hewa) ya usukani usimuuzie mtu. Ina kilipuzi ndani, na za kampuni ya Takata zilirudishwa kwa mamilioni duniani baada ya joto na unyevu kuharibu kemikali yake.

Unachotunza, ondoka nacho gereji siku hiyo hiyo. Springi zioshwe, zikaushwe, zipakwe oili nyepesi na kuandikwa mbele au nyuma. Shokapu zisimame wima, na kabla ya kuzirudisha zipampu mara kadhaa hadi mwisho. Taa zifunike kwa kitambaa mbali na jua. Nailoni inafungia unyevu.

Injini ya zamani iliyotolewa ina masharti yake. Namba yake imo kwenye kadi ya gari, hivyo isitoke mkononi kabla kadi haijarekebishwa TRA. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) nayo, kama gari lina mfumo wa kuzuia wizi, inatambua funguo zake tu. Ukiiuza peke yake, mnunuzi anabaki na boksi lisilowasha gari, na wewe unabaki na funguo zisizo na kazi.