Ndiyo, trei yangu ni ya kupakwa fedha juu tu, siyo fedha tupu. Kwani we ulitakaje?

Iddi pili nilikuwa na wageni, watu kumi na tatu hivi sebuleni, nimehangaika tangu alfajiri, nikatoa trei zangu zote za fedha, vikombe vya kahawa kwenye moja, halua na kashata kwenye nyingine, sambusa kwenye ile kubwa yenye mikono. Wifi yangu mmoja (ninao wanne, mtajaza wenyewe ni yupi) akaivuta trei ya kahawa, akatoa vikombe kimoja kimoja akavipanga mezani, akaigeuza chini juu kama mtu anayekagua samaki Feri, akasoma maandishi ya chini, halafu kwa sauti ya kufika jikoni: "Wifi, kumbe hizi za kupakwa! Mi nilijua silva kweli."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kile kicheko cha meno tu. Wiki mbili zimepita bado linanikereketa, kwa hiyo leo mtanisoma.

Kwanza sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba ni fedha tupu. Chini imeandikwa EPNS, yaani "electroplated nickel silver", wazi kabisa. Hiyo S ya mwisho ndo inawapoteza watu maana ni ya "silver", ila hicho chuma wanachokiita hivyo ni shaba, zinki na nikeli, fedha haimo hata chembe, fedha ni ile ngozi ya juu tu iliyowekwa kwa umeme. Na hapa nitamuachia wifi pointi moja, moja tu: wale wenye viwanda wa Sheffield na Birmingham walikuwa wajanja, kila herufi wameiwekea kijiboksi chake kama ngao ili ukiitupia jicho haraka udhani ni mihuri ya fedha halisi ya Kiingereza, ule muhuri wa simba anayetembea na mingineyo. Huo ni ujanja, sibishi. Ila kwa ujanja wa fundi wa miaka mia iliyopita nasulubiwaje mimi na kahawa yangu?

Sasa tuje kwenye hilo neno "kupakwa" na namna lilivyotamkwa, maana lilitamkwa kama feki. Kama begi la Kariakoo lenye nembo iliyokosewa herufi.

Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alijaza jumba lake la Versailles samani za fedha halisi, meza za fedha, vinara vya fedha, mpaka mapipa ya kupandia michungwa ni fedha. Mwaka 1689 vita vikamkaba, pesa hana, vyote vikapelekwa vikayeyushwa vikawa sarafu. Leo ukitaka kuviona utaviona kwenye michoro. Halafu nusu ya pili ya hadithi, ambayo natamani ningeikumbuka siku ile badala ya kucheka cheka: miaka ya 1850 Napoleon wa 3, mfalme mzima, tena wa nchi hiyo hiyo, alipotaka vyombo vya karamu zake aliagiza kwa Christofle, watengeneza vyombo wa Paris, vya KUPAKWA. Fedha halisi angeiweza lakini alitaka vyombo vingi, meza ya watu mia, na hesabu alijua. Mwaka 1871 ikulu yake ya Tuileries ikachomwa moto, na pambo kubwa la ile meza likaja kuokotwa kwenye kifusi, limeungua ungua lakini lipo, mpaka leo liko makumbusho Paris. Ya fedha tupu imeyeyushwa, ya kupakwa imetoka motoni. Wifi, upo?

Ndo hoja yangu yote hiyo. Fedha halisi ina adui mmoja mkubwa, bei yake. Kila bei inapopanda mtu anaangalia kabati anaona gramu, haoni trei. Mwaka 1980 bei iliporuka, Ulaya na Marekani watu walipanga foleni kuuza vyombo vya bibi zao vikayeyushwe, na mwaka 2025 bei ikaivuka hata ile rekodi, sitaki kufikiria ni vingapi vimeondoka. Wala tusiende mbali. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na vikuku vya fedha vizito, jozi mbili, nimevichezea utotoni, viko wapi? Vilipimwa kwa sonara kwenye mizani vikawa karo ya mjomba. Simlaumu mtu, mjomba kasoma. Lakini trei ya kupakwa hata uipeleke kwa sonara akiwa na njaa atakurudishia, kuibandua hiyo fedha ni kazi kuliko faida. Kwa hiyo inabaki trei. Inazeeka ikiwa trei, inabeba chai miaka mia, inachunika, inagongwa, inarithiwa.

Niwaambie ile aliyoigeuza wifi ni ipi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, Tanga, karibu miaka kumi na miwili. Mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967 yule bwana akafungasha, akagawa gawa vitu, babu akapewa trei. Siyo pensheni, trei. Kwa hiyo babu alikuwa ameibeba trei ile asubuhi na jioni, chai kwenda, vyombo kurudi, miaka yote hiyo, na sidhani kama kuna siku aliletewa kitu juu yake. Alipofika nayo nyumbani bibi akawa anatilia vikuba na asumini siku za harusi, na siku za kawaida inasimama nyuma ya redio. Pembeni mwa mkono wa kushoto fedha imeisha kabisa, inaonekana rangi ya manjano manjano ya chini. Pale ndipo dole gumba la babu lilipokuwa linakaa. Au la mpishi mwingine kabla yake, sijui, lakini mimi nimeamua ni la babu.

Kwa hiyo mtu akiigeuza mbele ya wageni kutafuta muhuri, samahani, napanda presha.

Haya, hizo nyingine tano nimeokoteza tu. Mbili ni za wale wanaohama Masaki wakauza vitu vya nyumba wiki ya mwisho, unakuta trei ya pambo la zabibu iko chini ya jiko la gesi wanataka elfu ishirini. Moja ya Unguja, Mji Mkongwe, kwa bei ya watalii, niliumia na ninaumia bado. Mbili za kontena la vyombo vya Uingereza, nyeusi tii, muuzaji aliniuliza "dada, hizi za bati unafanyia nini?" nikamwambia za kuanikia dagaa. Ukimwambia mtu Dar unakusanya trei anafikiria mayai, ndo faida yake, bei haipandi.

Ila jamani weusi si kutu! Fedha inashikwa na salfa tu iliyoko hewani, kwenye kiini cha yai, hata mpira wa kufungia pesa ukiuacha juu yake unaacha mchoro. Haihitaji waya wa kusugulia masufuria. Narudia kwa wale wa nyuma, hai-hi-ta-ji waya. Wala majivu, wala mchanga, sinia la shaba la bibi lilivumilia ndimu na majivu kwa sababu ni shaba mpaka ndani, hii ukiisugua hivyo mara tatu umeimaliza ngozi. Beseni, foili chini, maji ya moto, vijiko kadhaa vya bekingi soda, laza trei iguse foili, subiri dakika chache. Weusi unatoka, halafu uzuri wake fedha iliyogeuka nyeusi inarudi kuwa fedha, hujaikwangua. Tena usiache achari wala chumvi ilale juu yake usiku. Mimi natandika kitambaa cha kufuma kwanza, mnaocheka vitambaa vya kufuma chekeni.

Yangu moja iliharibiwa na waya na kosa ni langu, sikumwambia dada wa nyumbani, yeye aliona uchafu akafanya kazi yake. Kosa la pili pia langu, nikaipeleka kwa fundi mmoja aliyeniapia "naipaka upya kama ilivyokuwa". Akaichovya kromu. Imerudi inang'aa kama bampa la bodaboda, ubaridi ubaridi, haina ule weupe wa maziwa. Hiyo ndo naiita feki. Nawekea vitunguu.

Wanaosema trei za hivi ni mambo ya kikoloni, nimewasikia, waje wamuulize babu. Wanaosema plastiki ni nyepesi, kweli ni nyepesi.

Sasa nilikuwa nimeshamaliza kuandika, simu ikaita, meseji ya wifi. Binti yake ana kichen pati mwezi ujao. Naikopi ilivyo: "Wifi mambo, naomba uniazime zile trei zako za silva siku hiyo, zinapendezaga sana."

Za silva, kaandika mwenyewe. Nimepiga picha ya skrini kwanza, kujibu nitajibu kesho.