Mashabiki wa North Melbourne subira walishaitoa zamani

Kila North Melbourne ikichapwa, na inachapwa kweli kweli, maneno ni yale yale: mashabiki wapunguze presha, timu ni ya vijana, ujenzi unachukua muda, si mmeona Brisbane. Nimeyasikia mpaka yamenichosha, na mimi hata sio wa North, ni mtu tu ninayeishi huku Melbourne na huu mchezo wao wa mpira wa umbo la yai, wenyewe wanauita futi, umeniingia taratibu maana huku kama hujui futi basi Jumatatu kazini utakunywa chai peke yako. Ila nina majirani wa North, nimekaa nao sebuleni mechi zao nyingi tu, na naona wanachosemwa sicho wanachokilalamikia.

Kwa sisi tuliokulia kwenye soka kuna kitu kieleweke kwanza, AFL, ligi kuu ya futi hapa Australia, haina kushuka daraja. Timu ziko 18, ya mwisho inabaki pale pale, tena inapewa zawadi: kwenye drafti, ule mgao wa chipukizi wa kila mwisho wa mwaka, aliyeburuza mkia anachagua wa kwanza. Na mishahara ina ukomo ili tajiri asiinunue ligi. Kwa hiyo hesabu ya shabiki wa timu mbovu ni kwamba kipigo cha leo ni akiba ya kesho. Hiyo hesabu ishike vizuri, tutairudia.

Sasa namba. Kuanzia 2020 mpaka 2025 North wameshinda mechi 3, 4, 2, 3, 3 na 5. Jumla 20. Katika mechi 130. Sare mbili, vipigo 108. Mimi hiyo 20 imenikaa kichwani, kila nikiigeuza inakuwa mbaya zaidi. Chukua mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2020, amefika la sita 2025, ndio anamaliza shule ya msingi huku Victoria, na maisha yake yote ya shule timu yake imeshinda mara 20, hata mara nne kwa mwaka haifiki. Halafu toa tatu za 2020, maana mwaka ule wa korona hakuna shabiki aliyeingia uwanjani Melbourne, waliangalia kwenye TV kama sisi tulivyoangalia. Halafu njoo 2023. Walishinda mechi mbili za kwanza, watu wakaanza kuimba, kisha wakafungwa 20 mfululizo, ishirini, wakaja kushinda tena mechi ya mwisho kabisa dhidi ya Gold Coast. Sasa hizo tatu zilichezwa wapi? Ya kwanza Melbourne, ya pili Perth ambako ni mwendo wa ndege saa nne hivi, ya mwisho Hobart kule Tasmania, ng'ambo ya bahari. Yaani mtu wa kadi ya uanachama, anayelipa kila mwaka, anayekaa kiti kile kile, mwaka mzima ameona timu yake ikishinda mara moja, na hiyo mara moja ilikuwa Machi.

Na sijagusa jinsi walivyofungwa. Ijumaa Kuu ya 2021 Western Bulldogs waliwapiga kwa tofauti ya pointi 128. 2024 walianza kwa kufungwa mechi 11 mfululizo, halafu Juni wakaongoza Collingwood kwa pointi 54, watu wanakumbatiana, wakafungwa kwa pointi moja. Siku ile jirani yangu hakuzima TV, aliondoka tu sebuleni akaenda kumwagilia bustani na mvua ilikuwa inanyesha.

Haya, upande wa pili nao wana hoja, tena sio nyepesi. Brisbane waliburuza mkia 2017, msimu uliofuata wakashinda tano tu, leo ni mabingwa wa 2024 na 2025. Klabu ya Melbourne, wale wanaoitwa Demons, walishinda mechi mbili tu 2013 na wakabeba kombe 2021. Kocha mwenyewe, Alastair Clarkson, alipokwenda Hawthorn msimu wake wa kwanza 2005 alishinda tano, miaka mitatu baadaye bingwa, akaja kuongeza mengine matatu mfululizo, 2013 mpaka 2015. Huyo sio mtu wa kufundishwa kujenga timu. Na vijana wapo: Harry Sheezel alichaguliwa 2022, mwaka uliofuata akawa chipukizi bora wa ligi nzima, yuko George Wardlaw, yuko Colby McKercher, yuko Finn O'Sullivan, hawa ukiwaangalia unaona kabisa kuna kitu. Na kweli wapo mashabiki wanaowatukana watoto wa miaka 19 matusi ambayo huwezi kumtamkia hata adui, hilo halina utetezi na sitalitetea. Klabu pia ni ndogo, haina pesa za Collingwood, usiku wa Ijumaa ambao ndio wenye watazamaji hawapangiwi sana, hayo yote kweli.

Lakini ukimwambia mtu asubiri lazima umwambie anasubiri toka lini. Hapo ndio pana utata wote. Kocha Brad Scott aliondoka katikati ya 2019, akaja Rhyce Shaw, tukaambiwa ukurasa mpya. Mwisho wa 2020 Shaw naye akaondoka na wachezaji 11 wakaachwa kwa mpigo mmoja, tukaambiwa sasa ndio tunajenga kweli. Ben Brown mfungaji wao waliyemwachia aende, mwaka uliofuata yuko na hao Demons anacheza fainali na anabeba kombe. Akaja David Noble, mkiani 2021, mkiani 2022, katikati ya msimu akaondoka, Leigh Adams akashikilia, kisha Clarkson, ambaye 2023 alijiweka pembeni kwa muda kwa ajili ya afya yake na hapo hakuna wa kumlaumu, Brett Ratten akashikilia. Hesabu vichwa vilivyokaa kwenye kiti kile kati ya 2019 na 2023, ni sita. Na kila kichwa kipya kinakuja na saa yake, inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Kwa hiyo anayesema mpaka mwisho wa 2025 timu ya Clarkson ilikuwa na miaka mitatu tu hakosei, na shabiki anayesema nimesubiri toka 2019 naye hakosei, ila mmoja anaitwa mwenye busara na mwingine anaitwa mwenye haraka.

Tena hata ile akiba ya drafti niliyosema uishike, iangalie ilikokwenda. 2021 walipata chaguo la kwanza, Jason Horne-Francis, kipaji cha kutisha, alikaa msimu mmoja akaenda zake Port Adelaide. Basi hilo tuseme bahati mbaya, na walilipwa kwa machaguo mengine. Ila mwisho wa 2024 klabu ilichukua chaguo lake la raundi ya kwanza la 2025 ikawapa Richmond, ili ipate chaguo namba 27 la drafti ya mwaka ule imsajili Matt Whitlock, kijana mrefu waliyekuwa wanamhitaji. Maana yake klabu ilijipa moyo kwamba 2025 haitakuwa chini sana hivyo chaguo lile halitakuwa na thamani kubwa. Wakamaliza wa 16. Ndio kusema kwamba vipigo 17 vya 2025, ambavyo kwa mfumo wa ligi vilitakiwa viwe faraja ya shabiki, faraja yake ikaenda kwa Richmond. Whitlock anaweza kuja kuwa mchezaji mkubwa, sikatai. Lakini mwambie mtu huyo awe na subira na akiba yake umeshaitoa kwa jirani, aanzie wapi?

Kitu kingine ambacho wanaowacheka hawakifikirii. Mteja wa kawaida duka likiwa bovu anahamia duka la pili. Shabiki wa timu kubwa akikasirika hafanyi upya kadi yake mwaka mmoja, uongozi unashtuka, mambo yanakwenda. Shabiki wa North hana hiyo silaha. 2007 ligi iliitaka klabu ihame moja kwa moja kwenda mji wa Gold Coast, na mezani paliwekwa fedha zilizotajwa kufika dola milioni 100. Desemba ile uongozi wa mwenyekiti James Brayshaw ukakataa, na kilichofanya ukatae ni watu kusema tutalipa sisi, tutajiandikisha sisi. Ligi ikaenda kuunda timu nyingine huko huko Gold Coast. Tangu siku hiyo kadi ya North imekuwa ni kura ya klabu kubaki hai, sio tiketi ya kuangalia mpira. Ukiacha kulipa ili kuwaadhibu viongozi, wale ambao siku zote wanasema Melbourne ina timu nyingi mno wanakunyooshea kidole, unaona, hawana watu. Kwa hiyo unalipa. Wanachama wamevuka 50,000 katika miaka hii hii ya vipigo, fikiria hilo, idadi ambayo hata enzi za makombe ya 1996 na 1999 hawakuwa nayo. Na deni lililoisumbua klabu miaka na miaka limeisha. Watu wanaolipa hivyo kwa timu inayofungwa hivyo, halafu unawaita hawana subira! Kilichobaki kwao ni mdomo tu, na sasa wanaambiwa na huo waufunge.

Kuuza mechi za nyumbani ndio kidonda kingine. Kuanzia 2012 baadhi ya mechi zao za nyumbani zilikuwa zinachezwa Hobart kwa sababu serikali ya Tasmania ilikuwa inalipa, na 2025 walipeleka nyingine Australia Magharibi. Ki-mahesabu siwezi kuwalaumu, bila fedha hizo pengine deni lingekuwepo mpaka leo. Lakini aliyekataa kuhamia Gold Coast hakukataa hali ya hewa ya Gold Coast, alikataa timu yake kuondoka nyumbani.

Na niseme kwa nini hili linanigusa mimi mtu wa kuja. North iko Arden Street, na ukitembea kidogo tu kutoka hapo unafika kwenye yale maghorofa ya serikali ya North Melbourne na Flemington, yale yaliyofungwa ghafla na polisi Julai 2020 wakati wa korona, ambako familia nyingi ni za Wasomali, Waeritrea, Waethiopia, Wasudani. Toka 2010 klabu ina mradi wake pale pale uwanjani, unaitwa The Huddle, watoto wa wahamiaji wanakuja kufanya homework na kucheza. Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum na kufika Australia akiwa mtoto, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza AFL, na jezi aliyoivaa 2013 ilikuwa ya North, michirizi ile ya bluu na nyeupe. Klabu kubwa zenye pesa zilikuwepo, ila mlango huo ulifunguliwa na hii ndogo. Kwa hiyo watu wakiongea kirahisi rahisi kwamba North ifungwe au ihamishwe mimi nawafikiria wale watoto wenye jezi pale kwenye lifti za maghorofa.

Sehemu ambayo naachana na mashabiki ni kelele za kumfukuza Clarkson. Mkataba wake ni mpaka mwisho wa 2027, na kama tatizo ni saa kurudishwa sifuri kila mara basi kumtoa ni kuirudisha tena, atakuja wa saba na ukurasa mpya. Wapo wenye hasira wanaoliona hili, wapo wasioliona. Wanachotakiwa kudai, na wengi ndicho wanachodai ukiwasikiliza vizuri, ni kuambiwa kwa maneno ya wazi 2026 inapimwa kwa kipimo gani, ushindi mara ngapi, nani atawajibika isipofika.

Maana kwamba klabu hii haijui kujenga, huo uongo. Timu yao ya wanawake inafanya mazoezi hapo hapo Arden Street, bendera ile ile. 2023 walifungwa fainali na Brisbane, 2024 wakawalipa na kubeba kombe, 2025 wakabeba tena bila kufungwa hata mechi moja msimu mzima. Kocha wao ni Darren Crocker, mchezaji wa zamani wa North aliyekuwepo kwenye ubingwa wa 1996. Alipewa timu kuanzia msimu wa 2021, mwaka ule ule Noble alipopewa ya wanaume, na mpaka wanabeba kombe la pili yupo yeye yeye.