Onyo la kupima ini kila mwezi lilimwachia mgonjwa mzigo

Shangazi yangu ana kisukari, na kila akimeza metformini yake jirani humwambia dawa za sukari zinakula ini. Kwa dawa hiyo amekosea. Metformini haivunjwivunjwi na ini, hutoka na mkojo ilivyo, ndiyo maana daktari huulizia zaidi figo. Lakini simcheki jirani, maana hofu yake haikuzuka hivi hivi.

Kilikuwepo kidonge cha kisukari kiitwacho troglitazoni, kikiuzwa Marekani kwa jina la Rezulin. FDA, mamlaka ya dawa ya huko, ilikiruhusu Januari 1997. Daktari mmoja wa FDA, John Gueriguian, alikuwa ameshatilia shaka usalama wa ini. Akaondolewa kwenye kazi ya kukichunguza. Uingereza kiliingia sokoni mwaka huohuo wa 1997 na Desemba kikatolewa, kwa sababu ya ini. Wamarekani waliendelea kukimeza hadi Machi 2000.

Miaka hiyo miwili na ushee ndiyo inayoniudhi. Badala ya kukitoa, zilitolewa barua za onyo, moja baada ya nyingine: pimeni ini la mgonjwa kila mwezi. Ukisikia unaona wamejali. Kumbe kuna wagonjwa ambao ini liliharibika haraka kuliko kalenda ya vipimo. Majibu ya mwezi huu safi, na kabla ya mwezi ujao macho yameshakuwa manjano. Mwalimu mmoja aliyekuwa akikimeza alifariki mwaka 1998 akiwa ndani ya utafiti wa serikali, chini ya uangalizi ambao mgonjwa wa kawaida hawezi kuuota. Tena hakuwa na kisukari bado! Utafiti ulikuwa wa kukizuia.

Katika utafiti huohuo kundi jingine lilipewa metformini, kidonge kilekile cha shangazi, na hatari ya kupata kisukari ikapungua kwa asilimia 31. Waliobadili chakula na kufanya mazoezi, asilimia 58.

Nilimsimulia jirani yote haya. Akafurahi, akaona nimemuunga mkono, akatoa chupa ya mizizi ya kuchemsha. Nikamuuliza hiyo imepimwa na nani. "Hii ya asili, mwanangu." Shangazi akamrudishia chupa yake, akaomba maji ya kumezea kidonge.