Protini ya p53 haiui saratani kwa mkono wake
Makala yenu inasema kwamba protini ya p53, ambayo hulinda seli zisigeuke kuwa za saratani, “huua seli za saratani”, kauli itakayowapotosha wanafunzi wa kidato cha sita ninaowafundisha baiolojia hapa Dodoma. Protini hiyo haiui kitu moja kwa moja: DNA inapoharibika, molekuli zake nne huungana, hushika sehemu maalumu za DNA na kuchochea jeni fulani zinakiliwe, mojawapo ikiwa ile ya protini ya p21, ambayo husimamisha mgawanyiko wa seli ili uharibifu urekebishwe; uharibifu ukizidi, jeni nyingine huamshwa na seli hujiua. RB, protini mwenzake katika kuzuia saratani, kazi yake kubwa ni kuzuia, kwa kuwa huikamata E2F, protini inayoamsha jeni za mgawanyiko, ili jeni hizo zisinakiliwe kabla ya wakati. Hapo ndipo mngeeleza (na nashangaa hamkueleza) jinsi virusi vya HPV vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi: protini yao ya E6 husababisha p53 ivunjwevunjwe, nayo E7 huitenganisha RB na E2F. Chanjo ya HPV wanayopewa mabinti zetu tangu 2018, wakiwemo wa wilaya za Kongwa na Bahi, huzuia virusi hivyo visiingie kwenye seli.