Siku Upepo Ulipohudhuria Jumuiya

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma. Tairi jipya la nyuma la baiskeli yangu lilikuwa limeandikwa ubavuni 27 x 1¼, chini yake 32-630 (upana wa tairi na kipenyo cha pale linapokalia ringi, kwa milimita), na pembeni kidogo maneno kwamba mwisho wake ni psi 100, kipimo cha msukumo wa upepo. Mwisho, si agizo. Lakini mtu aliyekulia shule za kutafuta maksi akiona 100 hatulii mpaka aipate.

Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, ya Uingereza, ya miaka ya 1970. Usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na ringi ni za chuma, zinang'aa kuliko sufuria za harusi. Tairi la zamani, lililokuwa limechanika, liliandikwa psi 70. Nikalidharau. Nikasema ndiyo maana limekufa, lilinyimwa upepo.

Jumamosi jioni nikaikokota mpaka kwa vijana wanaojaza upepo malori, njia ya Pasua. Valvu zake ni nene kama za gari, kwa hiyo mpira wa kompresa unakaa bila kubembelezwa.

"Ngapi, bro?"

"Mia."

Kijana akanitazama, akalitazama tairi, akalitazama Fuso la mahindi lililokuwa kwenye foleni nyuma yangu. Hakusema kitu. Kompresa iliyozoea matairi ya Fuso ikimalizana na tairi la baiskeli, hata chafya hupati nafasi ya kuipiga. Geji ikasimama kwenye 100, nikatoa shilingi 500, nikapanda.

Njiani meno yaligongana. Kila kokoto la Moshi lilijitambulisha kwangu kwa jina. Nikadhani hiyo ndiyo kasi. Binamu yangu wa Arusha, nilipompigia kumtambia, akaniambia kwao milimani hewa ni nyepesi, ningekuwa huko ningeongeza hata 10. Uongo mtupu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na Moshi kama 800, na tofauti hiyo geji haioni zaidi ya psi 1 hivi. Tena tairi lililojazwa Moshi likipanda Arusha, geji inasoma zaidi, si pungufu.

Kwa sababu ya wezi, baiskeli inalala sebuleni, chini ya dirisha la magharibi. Na Jumapili saa 10 jioni zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu.

Walikuja watu 19. Viti vikaisha, shangazi yangu akaletewa kigoda, akakiweka penye nafasi pekee iliyobaki: mbele ya gurudumu la nyuma, kisogo kikiliangalia tairi. Jua la Februari lilikuwa limeshapita dirishani na kulilalia tairi kwa muda mrefu. Joto likipanda nyuzi 10, tairi la psi 100 linaongeza psi 3 au 4 bila mtu kuligusa.

Tukasali, tukasoma Injili, tukaimba. Kisha mwenyekiti akasema, "Sasa tukae kimya, kila mmoja amsikilize Mungu anamwambia nini."

Kikawa kimya kile cha kusikia mwenzako anameza mate. Ndipo nikasikia: *tik*. Kidogo tena: *tik*. Nikafumbua jicho moja. Nyuma ya sikio la shangazi, ukingo wa tairi ulikuwa umepanda juu ya ringi kama urefu wa kidole, na kwenye pengo hilo tyubu imechungulia. Kivimbe cheusi, kama zambarau. Kikawa kama limau. Kikawa kama parachichi changa.

Dawa yake naijua: unabonyeza kijiti cha katikati ya valvu upepo utoke, basi. Ila valvu ilikuwa chini, karibu na sakafu. Kuifikia ilibidi nitambae katikati ya magoti ya wazee wawili na kupitisha mkono chini ya kigoda cha shangazi, huku jumuiya nzima ikimsikiliza Mungu. Nikaanza kutambaa. Mke wangu akanishika kola. Alidhani nimesinzia.

PAAA!

Bunduki ingekuwa na haya kidogo. Na kwa kuwa fundi alipoifunga ile tyubu aliinyunyizia poda nyingi ndani ya tairi isigandamane na mpira, sebule ikajaa wingu jeupe. Katika wingu hilo nilisikia mlango ukigombewa, thermosi ikianguka, na sauti ya mwenyekiti ikisema, "Bwana, si mimi!" Mbwa wa mtaa mzima walibweka. Jirani, ambaye ni Mlutheri na hakualikwa, akaingia na panga.

Wingu lilipotulia, shangazi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, mweupe kuanzia kichwani mpaka mabegani, hajatikisika. Akauliza kwa upole, "Wengine mmesikia nini?"

Maandazi yalionekana kama yamepakwa sukari ya unga. Mtoto mmoja akaonja, akayakataa.

Jumatatu nikaibeba baiskeli mpaka kwa fundi karibu na soko la Mbuyuni. Kwanza akalinganisha namba: 630 kwenye tairi, 630 kwenye ringi, safi. (Tairi la 630 ukilivalisha ringi ya 622, ile inayoandikwa 700C, linaingia kama kandambili, bila chuma cha kulipandishia, na litatoka vivyo hivyo.) Kisha akapitisha ukucha upande wa ndani wa ukuta wa ringi, akanishika kidole nami nipitishe. Laini tupu.

"Umeona? Hakuna ndoano. Ringi za sasa zina kijimdomo kinachong'ata ukingo wa tairi. Hii ya kwako ni ukuta ulionyooka, tairi linashikiliwa na waya wake tu. Ulijaza ngapi, kaka?"

"Mia."

"Mia ya nini? Unabeba mchanga?"

Akaniuliza uzito. Mimi kilo 70, baiskeli 12, begi 3: jumla 85. Gurudumu la nyuma linabeba kama asilimia 60, yaani kilo 51, na la mbele 34. Kwa tairi la milimita 32, akasema, nyuma 65, mbele 45, na hapo hata ringi isiyo na ndoano inalala usingizi. Chini sana nako kubaya: ukiingia shimo, ringi inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama umeng'atwa na nyoka.

Akaweka tyubu mpya, poda safari hii kiganja kimoja tu. Akajaza 15, akaisukuma valvu ndani kisha akaivuta ili tyubu isibanwe chini ya ukingo, akalizungusha gurudumu akikodolea ule mstari mwembamba ulio juu kidogo ya ringi. Palipozama, akapakanda kwa vidole gumba mpaka ukawa sawa pande zote mbili. Ndipo akaenda 40, akanywa chai, akamalizia 65. Kuhakiki, nikakaa juu ya baiskeli na mwanangu wa darasa la nne akapima kwa rula: tairi lilishuka milimita 5 hivi, kama asilimia 15 ya kimo chake, palepale fundi alipopataka.

Nimenunua pampu ya kusimama yenye geji. Napima kila Jumamosi, maana tyubu hupoteza upepo kidogo kidogo hata ikikaa bure.

Zamu yetu ilipozunguka tena, baiskeli niliifunga nje kwenye mparachichi. Watu wakaingia, wakakaa, nyimbo zikafunguliwa. Shangazi peke yake alibaki mlangoni na mkoba wake kwapani, anautazama mparachichi.

"Leo ina ngapi?"

"65, shangazi."

"Nyuma au mbele?"

"Nyuma. Mbele 45."

Akavua viatu, akaingia, akachagua kiti cha upande wa jikoni.